Mstari wa Bika na Mstari wa Pipeti

Swali lililonifanya niandike makala haya niliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, siku tulipokuwa tukifanya taitresheni ya asidi na alikali, yaani kudondosha asidi kidogo kidogo kwenye alikali mpaka kiashiria kibadilike rangi, ili kujua ukolezi. Pipeti, ile mirija ya kuvutia na kutoa kiasi kimoja kamili cha kimiminika, zilizokuwa nzima zilikuwa sita tu, kwa hiyo nilikuwa nimewapanga wanafunzi makundi makundi, na yeye alikuwa amechoka kusubiri zamu yake. Alinyanyua bika ya mililita 100 iliyokuwa mbele yake, akaweka kidole kwenye mstari ulioandikwa 20, akasema, "Samahani, Mwalimu, mbona na hii ina mistari? Kwa nini nisipimie humu humu?" Wenzake walicheka, lakini mimi sikuona cha kuchekwa. Nimefundisha kemia na kutunza maabara kwa zaidi ya miaka kumi na mitano katika shule za mkoa wa Tanga, na ninaamini kwamba hilo ndilo swali ambalo kila anayeingia maabara kwa mara ya kwanza angepaswa kuliuliza, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa majina ya vifaa na kuvichora, tukafaulu mtihani, bila kuambiwa kwamba mistari ya vyombo hivyo haina uzito mmoja.

Bika ni chombo cha kuwekea. Umbo lake la mduara lenye sakafu bapa na mdomo uliokunjwa kidogo limetengenezwa ili kimiminika kimwagike vizuri, ili kijiti cha kukorogea kizunguke bila kugonga kona, na ili chombo chenyewe kikae imara juu ya wavu wa waya kinapochemshwa. Mistari iliyochapwa ubavuni ni ya kukadiria tu, na watengenezaji wengi huandika wazi kwenye kioo chenyewe kwamba kipimo kinaweza kukosea kwa asilimia 5. Kwa mililita 20, asilimia 5 ni mililita moja nzima. Pipeti ya mililita 20 ya daraja B, ambalo ndilo daraja linalopatikana katika shule nyingi, inaruhusiwa kukosea kwa mililita 0.06 tu, na ya daraja A kwa 0.03. Katika taitresheni tunamtaka mwanafunzi arudie jaribio mpaka apate vipimo visivyopishana kwa zaidi ya mililita 0.2, na mwanafunzi aliyepimia alikali yake kwenye bika hawezi kufika hapo isipokuwa kwa bahati, hata kama mikono yake ni mitulivu na macho yake ni makali.

Katikati ya bika na pipeti kuna silinda ya kupimia, ile ndefu yenye kitako kipana. Silinda ya mililita 100 ya daraja B hukosea kwa mililita moja, yaani asilimia moja inapojaa, na hiyo yatosha kabisa unapopima maji ya kuyeyushia chumvi au asidi ya kumwagia vipande vya zinki ili kutengeneza hidrojeni. Wembamba wake ndio siri yake, kwa kuwa katika chombo chembamba kiasi kidogo cha maji hupandisha usawa kwa kimo kinachoonekana, ilhali katika bika pana kiasi kile kile hutandazwa kikapotea machoni. Kwa sababu hiyo hiyo, chupa ya ujazo imepewa tumbo kubwa na shingo nyembamba mno: ina mstari mmoja tu, umezungushwa shingoni, na tone moja likizidi pale linaonekana. Chupa hiyo ni ya kazi moja, kutengeneza myeyusho wenye ukolezi unaojulikana. Unapima kabonati ya sodiamu kwenye mizani, unaiyeyusha pembeni ndani ya bika, unaimimina kupitia faneli, unasuuza bika na faneli mara kadhaa na kumimina masuuzo yote humo humo, kisha unaongeza maji yaliyokenekwa tone kwa tone mpaka kwenye mstari. Haipashwi moto wala haitumiki kama chupa ya kuhifadhia.

Wanafunzi wengi hawajawahi kusoma maandishi madogo yaliyo kwenye vyombo hivi, nami nilifika chuoni kabla sijaelekezwa kuyasoma. Kwenye chupa ya ujazo pameandikwa "In" na kwenye pipeti pameandikwa "Ex". Herufi mbili mbili hizo zina maana kubwa. Chupa ya ujazo imepimwa kwa kile inachobeba ndani yake. Ukimimina nje, utando wa maji utabaki kwenye kuta zake na kiasi ulichomimina kitapungua. Pipeti imepimwa kwa kile inachotoa, na mtengenezaji alikwisha kuhesabu lile tone dogo linalobaki nchani. Ndiyo maana tunamwambia mwanafunzi aiache pipeti ishuke yenyewe, aguse ncha kwenye ukuta wa chupa, asubiri kidogo, kisha aiondoe bila kuipuliza. Anayepuliza huongeza tone ambalo halikuhesabiwa. Nimewaona walimu wenzangu wakipuliza mbele ya darasa kwa nia njema kabisa, wakidhani kwamba kuacha tone ni kuiba kipimo.

Pameandikwa pia "20°C", na hapa sisi wa pwani tuna jambo la kufikiri. Vyombo hivi vimepimwa kwa nyuzi 20, joto ambalo maabara yetu ya Tanga hailioni mchana wa Februari hata madirisha yote yakifunguliwa. Kioo chenyewe hakitanuki kiasi cha kututisha, lakini maji hutanuka: lita moja ya maji ya nyuzi 20 ikifika nyuzi 30 huongezeka kwa takriban mililita 2.5. Ukitengeneza myeyusho asubuhi na kuutumia asubuhi hiyo hiyo katika chumba hicho hicho, pipeti na biureti zote zinapima kimiminika chenye joto moja na makosa hufutana. Tatizo huja pale unapotoa chupa kwenye jokofu na kuipima papo hapo, au unapoyeyusha haidroksidi ya sodiamu, ambayo hutoa joto jingi inapoyeyuka, ukajaza mpaka mstarini ungali moto. Kesho yake utaukuta usawa umeshuka chini ya mstari, nawe kama umekwisha kuutumia, huna namna ya kusahihisha isipokuwa kuanza upya. Myeyusho huo uachwe upoe kwanza ndani ya bika, ndipo uhamishwe.

Pipeti ina historia yake mdomoni mwangu. Nilipokuwa kidato cha nne tulivuta kwa kinywa, kama unavyovuta soda kwa mrija, na siku moja usawa wa haidroksidi ya sodiamu ulishuka chini ya ncha ya pipeti yangu nikavuta hewa pamoja na alikali. Ladha yake ni ya utelezi wa sabuni kwa nusu sekunde, kisha ni moto. Nilisuuza kinywa kwa maji ya bomba kwa muda mrefu, na kwa siku tatu nilikula uji uliopoa. Hakuna aliyeadhibiwa na hakuna aliyeshangaa, kwa maana ndivyo ilivyokuwa ikifanyika. Leo puto la mpira la kuvutia lipo, si ghali ukilinganisha na kifaa kingine chochote kilichomo kabatini, na sioni sababu yoyote inayoweza kumhalalishia mwalimu kumwambia mtoto wa mtu avute alikali kwa mdomo. Pale ambapo puto halipo, ni afadhali kutumia bomba la sindano kutoka duka la dawa. Bomba la sindano la mililita 20 linaruhusiwa kwa viwango vya kimataifa kukosea hadi asilimia 4 linapokuwa limejaa nusu au zaidi, kwa hiyo halifikii pipeti hata kwa mbali, lakini asilimia 4 ya kosa katika hesabu ni kitu kidogo mbele ya koo lililoungua.

Biureti ndiyo ninayoipenda kuliko vyombo vyote, na ndiyo inayoonewa zaidi. Ni mrija mrefu wenye koki chini, una mistari ya kila mililita 0.1 kuanzia 0 juu hadi 50 chini, na hesabu yake inashuka kwa kuwa unachotaka kujua ni kiasi kilichotoka, wala si kilichobaki. Wafaransa ndio walioanza kuitumia kupima ubora wa kemikali za viwanda vya nguo mwishoni mwa karne ya 18, na François Descroizilles wa Rouen hutajwa kuwa miongoni mwa waliotengeneza chombo cha kwanza cha aina hiyo. Mwaka 1824 Joseph Louis Gay-Lussac akaandika majina "burette" na "pipette" ambayo hadi leo tunayatamka kwa lafudhi yetu. Mjerumani Karl Friedrich Mohr aliiboresha katika miaka ya 1850 kwa kuweka mpira na kibano chini ya mrija, na kumfanya mtu aweze kutoa tone moja na kusimama. Tone moja la biureti ni karibu mililita 0.05. Mwanafunzi anayefungua koki kama bomba la kisimani hupitiliza matone ishirini kabla hajaona rangi ikibadilika.

Makosa ya biureti nayajua kwa kuyatenda. Kiputo cha hewa kikibaki kwenye ncha chini ya koki, kitatoka katikati ya kazi na nafasi yake itajazwa na myeyusho ambao haukufika kwenye chupa, ila kwenye hesabu umeandikwa kuwa umefika. Faneli ikisahauliwa juu ya biureti itadondosha matone yake kwa wakati wake. Jicho likiwa juu ya usawa linasoma namba ndogo, likiwa chini linasoma namba kubwa. Kwa hiyo tunashusha biureti kwenye stendi au tunapanda juu ya kigoda, na tunasoma chini kabisa ya mbonyeo wa kimiminika, tukiweka karatasi nyeupe nyuma yake. Na ile haidroksidi ya sodiamu ninayoendelea kuitaja haipaswi kulala ndani ya biureti yenye koki ya kioo, kwa sababu alikali hula kioo polepole na kugandisha koki mahali pake. Nimewahi kupokea maabara yenye biureti kumi na mbili ambazo nane kati yake koki zilikuwa zimeganda hivyo, na hakuna aliyezivunja. Zilioshwa vibaya tu, siku moja, baada ya mtihani, wakati kila mtu alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Koki za tefloni, ambayo ni aina ya plastiki, hazina tatizo hilo, na kama shule ina fedha za kununua chache tu, ningeshauri inunue hizo hata kama idadi itapungua.

Kuna jambo la kusuuza ambalo huwachanganya hata wanafunzi hodari, na nitalieleza taratibu kwa kuwa ndani yake mna kemia yenyewe. Biureti na pipeti husuuzwa kwanza kwa maji yaliyokenekwa, kisha kwa myeyusho utakaotiwa humo. Chupa ya koni, ile inayopokea alikali ya pipeti na kudondoshewa asidi ya biureti, husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa peke yake, na ni kosa kuisuuza kwa myeyusho. Kwa nini? Matone ya maji yakibaki ndani ya biureti yatauzimua myeyusho, na kila mililita itakayotoka itakuwa na asidi pungufu kuliko ile tunayoiandika. Ndani ya chupa ya koni hali ni tofauti, kwa maana pale hatupimi tena ujazo wala ukolezi. Tumekwisha kuweka kiasi kamili cha alikali kwa pipeti, na alikali hiyo haipungui wala haizidi kwa kuongezewa maji. Lakini ukiisuuza chupa hiyo kwa alikali, matone yatakayosalia ni alikali ya ziada ambayo haikupitia pipeti. Mwanafunzi akilielewa hilo hahitaji tena kukariri orodha ya kusuuza, na mimi huwa najua kwamba ameelewa anapoanza kumimina maji kutoka chupa ya kusuuzia kwenye kuta za chupa ya koni katikati ya kazi, bila hofu, ili kusukuma chini matone yaliyorukia juu.

Chupa ya koni yenyewe ilianza kutumiwa na Emil Erlenmeyer wa Ujerumani mnamo 1860. Sakafu yake ni pana na shingo ni nyembamba, kwa hiyo unaweza kuizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye koki, na kimiminika kikapanda kuta bila kumwagika. Wekeni kigae cheupe chini yake. Badiliko la methili orenji, kiashiria chetu, kutoka njano kwenda rangi ya machungwa ni dogo mno, na juu ya meza ya mbao iliyopauka halionekani.

Juu ya moto nitasema kwa kifupi kuliko vile moto unavyostahili. Kichomeo kinachobeba jina la Robert Bunsen kilitengenezwa Heidelberg mwaka 1855 hivi na fundi wake Peter Desaga, na wazo lake kuu ni rahisi: gesi ichanganyike na hewa kabla ya kufika kwenye mwali. Ukifunga tundu la hewa unapata mwali wa njano wenye masizi, unaoonekana vizuri na ambao ndio wa kuacha ukiwaka usipokitumia kichomeo kwa muda. Ukifungua unapata mwali wa buluu, na sehemu yake yenye joto zaidi ni juu kidogo ya ncha ya koni ya ndani. Bunsen aliuhitaji mwali usio na rangi yake mwenyewe ili aone rangi za madini, na kwa mwali huo yeye na Gustav Kirchhoff waligundua elementi ya sizi (caesium) mwaka 1860 na rubidi mwaka 1861. Shule zetu nyingi hazina bomba la gesi, zina mtungi wa gesi ya kupikia au taa ya spiriti. Ni muhimu kujua kwamba gesi ya mtungi ina nishati nyingi zaidi kwa kila lita kuliko gesi asilia, kwa hiyo kichomeo chake kina tundu dogo zaidi la kutolea gesi, na kununua kichomeo bila kuuliza ni cha gesi gani ni kununua masizi.

Moto ndio unaotenganisha kioo na kioo. Chupa ya soda na gilasi ya nyumbani ni kioo cha kawaida, ambacho hutanuka karibu mara tatu ya kioo cha borosiliketi kinapopashwa, na upande mmoja ukitanuka kabla ya mwingine, chombo hupasuka. Kioo cha borosiliketi kilibuniwa na Otto Schott huko Jena mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1915 Wamarekani wa Corning walianza kukiuza kwa jina la Pyrex. Ninawaunga mkono walimu wanaotumia chupa za jemu kuhifadhia kemikali na vikombe vya plastiki kuchanganyia, kwa maana sayansi haiwezi kusubiri bajeti, na katika shule za kata zilizojengewa vyumba vya maabara miaka ya 2014 na 2015 nimeona vyumba vizuri vyenye kabati tupu. Ila chupa ya jemu isiwekwe juu ya moto kamwe. Neli ya majaribio nayo, hata ikiwa ya borosiliketi, ishikwe kwa koleo, iinamishwe, isogezwesogezwe juu ya mwali, na mdomo wake usielekezwe kwa mtu.

Vingine nivipitie haraka: wavu wa waya husambaza joto, kigoda cha miguu mitatu huubeba, kikombe cha kauri hustahimili moto wa moja kwa moja unapotaka kuchoma kitu mpaka kisibaki na maji, na faneli yenye karatasi ya chujio iliyokunjwa mara mbili hutenganisha tope na maji yake. Kipozeo cha kukenekea, kile chenye mrija ndani ya mrija, hufanya kazi ile ile inayofanywa kwa ukubwa mwingine kabisa Pemba, katika kiwanda cha Wawi kinachokeneka mafuta ya makonyo ya karafuu: mvuke unapita upande mmoja, maji baridi upande wa pili, na mvuke unarudi kuwa kimiminika. Katika kipozeo cha maabara maji huingia kwa chini na kutokea juu, ili koti lote lijae. Ukiyaingiza kwa juu yatachuruzika upande mmoja na kuacha nafasi ya hewa ambayo haipozi chochote.

Yule binti aliyeniuliza kuhusu mistari ya bika sikumjibu kwa maneno. Nilimwambia, "Njoo, mwanangu, tuulize mizani." Tulikuwa na mizani moja ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Nilimweleza kwanza kwamba katika joto la siku ile, karibu nyuzi 28, mililita 20 za maji zingesomeka takriban gramu 19.9, wala si 20 kamili, kwa kuwa maji ya joto ni mepesi kidogo. Akajaza maji mpaka kwenye mstari wa 20 wa bika yake, akainama kusoma kwa uangalifu ambao wenzake hawakuwa nao, akayamimina kwenye chupa iliyokuwa juu ya mizani. Mizani ikasoma 18.74. Akarudia: 20.61. Akarudia tena: 19.27. Kisha nikampa pipeti na puto, nikamwonyesha herufi za "Ex" shingoni, naye akavuta, akashusha hadi mstarini, akaachia, akagusisha ncha ukutani, akahesabu kimya kimya mpaka tano. Mizani ikasoma 19.88. Mara ya pili ikasoma 19.91. Mara ya tatu, wenzake wakiwa wameacha meza zao na kumzunguka, ikasoma 19.90. Akaandika namba zote sita kwenye daftari lake, tatu kushoto na tatu kulia, kisha akarudi kwenye foleni ya pipeti.